Figo ya Pocho na Mti wa Daktari Inés

Mume wangu alitangaza habari ile Jumapili mchana, nyama ikiwa bado motoni, kwa sauti ya mtu anayesema anakwenda dukani mara moja kununua chumvi.

"Nimepimwa," alisema huku akigeuza mbavu. "Damu inalingana, moyo mzima, kila kitu kiko sawa. Neli atachukua figo yangu moja."

Wifi yangu Nélida alikuwa ameketi upande wa pili wa meza akinyonya kipande cha barafu. Kwa siku nzima alikuwa anaruhusiwa maji kidogo sana, na barafu ndiyo iliyokuwa inamdanganyia kiu. Alikitema kile kipande kwenye kiganja, akakitupa kwenye nyasi.

"Nani kakuomba?"

"Hakuna aliyeniomba."

"Basi kaa nayo. Imekaa humo miaka yote hiyo na haijakusumbua, kwa nini uifukuze leo?"

Akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango wa chumba kwa kishindo. Kilikuwa chumba chetu mimi na Pocho, kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu. Nyama tulikula wawili, na mara kwa mara Pocho alikuwa anakata kipande kizuri na kukiweka kando kwenye sahani ya dada yake.

Jina lake la kwenye cheti ni Wáshington Bentancor, lakini anayemwita hivyo ni polisi wa barabarani tu. Hapa mjini Salto wote wanamjua kama Pocho wa nyuki. Mizinga yake imetawanyika kwenye mashamba ya machungwa, na asali yake ina harufu ya maua ya mchungwa hata ukiifungua katikati ya baridi. Nélida ni mdogo wake kwa miaka mitano. Alifundisha muziki shule ya msingi kwa muda mrefu, na watoto waliopita kwenye kwaya yake sasa wana vitambi, lakini wakikutana naye sokoni bado wananyoosha mgongo kabla ya kumsalimia.

Kisha ukamjia ugonjwa ule ambao kinga ya mwili inaanza kuushambulia mwili wenyewe. Figo zake zilikwenda polepole hadi zikaisha kabisa. Tangu hapo maisha yake yakawa kukaa kwenye kiti hospitalini karibu na mashine ya kusafisha damu, siku moja mashine, siku moja nyumbani, halafu tena mashine. Pocho ndiye aliyekuwa akimpeleka kwa pikapu yake na kumngojea. Nilimwambia mara nyingi, "Mwache, nenda mizingani, utamrudia saa ya kutoka." Alikuwa anaitikia vizuri sana, na kila nikipita pale nikitoka kazini ninaikuta pikapu imeegeshwa palepale chini ya dirisha.

Nami niseme wazi nilikuwa wapi katika jambo hili. Nampenda wifi yangu. Aliposimama kanisani siku ya harusi yangu kuimba, mimi ndiye niliyelia, si mama yangu. Lakini Pocho aliposema "figo yangu moja", moyoni niliomba Nélida akatae.

Baada ya Jumapili ile ndugu hao wawili wakaacha kusemeshana, ingawa waliendelea kupanda pikapu moja. Maneno yote yakawa yanapitia kwangu.

"Wifi," Nélida ananipigia simu, "mwambie mumeo kesho asichelewe."

"Si yuko hapo karibu yako?"

"Yupo. Mwambie tu."

Na Pocho naye, kwa sauti ya kusikika hadi kwenye simu: "Mwambie wifi yako kwamba mtu anayesusa figo hana haki ya kulalamikia dakika tano."

Sababu aliyokuwa anaitoa Nélida ilikuwa foleni. Alikuwa ameandikishwa kungojea figo ya mtu aliyefariki, na alisema atangoja. Sababu ya kweli tuliijua sote. Akiwa msichana wa miaka kumi na tisa, Nélida alimpeleka baba yao hospitali akafanyiwe upasuaji wa ngiri, jambo dogo, wakamwambia. Alikaa kwenye korido ameshika viatu vya mzee. Madaktari waliomtokea hawakuhitaji kusema kitu, kwa sababu walikuja wawili na walitembea polepole. Alirudi nyumbani kwa miguu, viatu mkononi, na Pocho ndiye aliyefungua mlango.

Daktari Inés Olivera, bingwa wa figo, ndiye aliyechoshwa na ugomvi huo kabla yetu. Ni mwanamke mfupi, anaongea kama mwalimu, na kibuyu chake cha chai, ile inayonyonywa kwa bomba, hakimtoki mkononi. Tulipoingia ofisini kwake alimwona Nélida, akakisukuma kile kibuyu nyuma ya kompyuta ili mgonjwa asitamani.

"Mimi siwaambii mfanye nini," alianza. "Nataka kwanza tuone mnagombania nini, maana naona kila mmoja anagombana na kitu chake peke yake."

Kwenye kitanda cha kupimia wagonjwa kulikuwa na ile roli ya karatasi ya kutandikia. Akachana kipande kirefu, akakilaza juu ya kitanda, na sote tukakizunguka kama watu wanaokata kitambaa cha gauni. Upande wa kushoto akachora mraba.

"Hapa ndipo mnapochagua. Njia ni tatu. Nélida anabaki kwenye mashine na hataki kusikia habari nyingine. Nélida anabaki kwenye mashine huku akingoja figo ya marehemu. Au Nélida anapokea figo ya kaka yake." Akachora matawi matatu, na mwishoni mwa kila moja duara. "Hapa kwenye duara hakuna anayechagua. Hapa ni bahati. Lakini bahati nayo huhesabika, kwa sababu wengi wamepita humu kabla yetu na tumewaandika."

"Chora na kaka yangu kufa," alisema Nélida.

"Naam, nachora." Akachora tawi jembamba kutoka kwenye duara la tatu.

"Mbona jembamba hivyo?"

"Wewe ulitaka liwe nene kiasi gani?"

"Mmoja katika kumi."

Daktari hakucheka. "Kati ya watu elfu kumi waliotoa figo, wanaokufa kwa upasuaji wenyewe ni kama watatu. Ukijaza uwanja wa mpira hapa kwetu Salto, ukaita watatu watoke nje, ndio hao."

"Na baba yetu alikuwa mmoja wa hao watatu?"

"Sijui habari za baba yako. Alikuwa mzima?"

Pocho ndiye aliyejibu. "Alikuwa na moyo mbovu na hakumwambia mtu. Mimi nilijua, kwa sababu nilimwona akisimama kila hatua chache akipanda kwenda kanisani. Akasema anafunga kamba za viatu."

Nélida akamgeukia. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwangalia usoni tangu Jumapili ile. "Hukuniambia."

"Aliniambia nisiseme."

"Moyo wa kaka yako," alisema daktari taratibu, "tumeupima hadi wenyewe umechoka na sisi."

Akaendelea kuchora. Alichora wale wanaokufa wakiwa kwenye mashine huku wakingoja, na tawi hilo lilikuwa nene kuliko nilivyodhani. Alichora figo inayofanya kazi tangu kwenye meza ya upasuaji, figo inayochelewa kuamka, figo isiyoamka kabisa. Alimchora Pocho na maumivu ya kidonda, Pocho na shinikizo la damu uzeeni, Pocho anayeishi hadi miaka tisini akisumbua watu. Karatasi ikajaa vijiti kama mti wa msimu wa baridi.

"Sasa hesabu ya bahati ninayo mimi," alisema. "Ila kuna nusu nyingine ambayo sinayo. Kila ncha ya tawi ni maisha ya mtu, na sijui maisha hayo yana thamani gani kwake. Sifuri ni kifo, mia ni afya kamili. Nélida, haya unayoishi sasa na mashine, ungeyapa ngapi?"

"Themanini," alisema wifi yangu, na kidevu juu.

Pocho akaangua kicheko. "Themanini! Sikilizeni huyu! Mwezi jana nilimfumania ghalani kwangu amejifungia na chungwa. Kulila hathubutu, maana amekatazwa. Analinusa tu, machozi yanamtoka. Themanini!"

"Nyamaza wewe, mfuga mainzi!"

"Afadhali mainzi, hayasemi uongo kwa daktari."

Daktari Inés akatutoa nje sote, akawa anatuita mmoja mmoja. Wao waliulizwa swali ambalo baadaye tulilijadili nyumbani kwa wiki nzima. Fikiria kuna kidonge, aliwaambia. Ukikimeza, ama unaamka kesho mzima kabisa, ama huamki tena. Katika watu mia wanaokimeza, wafe wangapi ndipo ukatae kukimeza? Ukijibu kwa kweli, daktari anajua maisha yako ya leo unayathamini kiasi gani, kwa sababu hakuna anayecheza kamari na kitu anachokipenda sana.

Mimi hakuniuliza habari ya kidonge. Aliniuliza, "Wewe, Zulma, unaogopa tawi gani?"

"Lile jembamba."

"Unakumbuka nilivyosema ni jembamba kiasi gani?"

"Nakumbuka vizuri. Lakini mimi sina waume elfu kumi, daktari. Ninaye mmoja."

Alinitazama kidogo, kisha akainama akaandika maneno hayo ukingoni mwa ile karatasi, chini ya tawi lenyewe, kama nilivyoyasema. Sikutarajia. Nilikuwa nimeingia mle nimejiandaa kuambiwa kwamba hofu yangu ni ya ujinga.

Tuliporudi ndani sote, namba zilikuwa zimekwishaandikwa kwenye ncha za matawi. Kwenye tawi la mashine, mahali pa ile themanini, pameandikwa hamsini na tano.

Pocho aliisoma, na safari hii hakucheka. Alivua kofia. Dada yake alikuwa tayari kumeza kidonge kinachoua watu arobaini na tano katika mia, na miezi yote hiyo alikuwa anapanda pikapu akiimba nyimbo za kwaya na kulalamikia dakika tano.

"Usinitazame hivyo," Nélida alisema. "Ni hesabu tu."

"Ndiyo, ni hesabu tu," alisema Pocho.

Nélida akageukia upande mwingine wa karatasi, kwenye tawi ambalo Pocho anabaki na figo zake mbili. "Na hapa andika mia. Huyu ni mzima kama fahali. Hapa ndipo nilipokuwa ninasema tangu mwanzo, kwamba mmoja wetu yuko kwenye mia na mnataka kumtoa humo kwa ajili yangu."

"Nilimuuliza mwenyewe," alisema daktari. "Hakusema mia. Alisema sabini."

"Sabini!" Nélida alimrukia kaka yake. "Una nini wewe? Unaumwa nini na hukutuambia? Na wewe pia unafunga kamba za viatu?"

Pocho alikuwa anaizungusha kofia mikononi. Mume wangu si mtu wa maneno. Siku aliyonichumbia alileta ndoo ya asali na akasema "Haya."

"Ninachoumwa ni wewe, Neli," alisema.

Daktari akaacha kuandika.

"Nakaa pale chini ya dirisha," aliendelea, "nasikia ile mashine. Nikienda mizingani mikono haitulii, na nyuki wanajua, wananichoma kama mgeni. Nikikaa kunywa chai na Zulma, kila funda nakukumbuka na barafu lako. Hiyo mia unayoisema mimi siijui. Sijaishi humo tangu uugue. Wewe unadhani unanilindia kitu, na hicho kitu sinacho."

Wifi yangu aliinama juu ya karatasi, akaisoma upya. Kisha, kwa kuwa ni mbishi tangu kuzaliwa, akamnyang'anya daktari kalamu.

"Hizo namba zako za watatu katika elfu kumi, nani kasema ndivyo itakavyokuwa kwake? Weka mmoja katika mia."

Daktari akaweka, akazidisha, akajumlisha kwenye simu yake. "Bado tawi la kaka yako ndilo zuri zaidi. Kwako na kwake pia."

"Mmoja katika ishirini."

"Bado."

"Mmoja katika kumi. Kama nilivyosema mwanzo."

"Bado, Nélida."

Ilipofika mmoja katika wanne ndipo mti ukageuka na kusema Pocho abaki na figo zake. Daktari Inés akaiweka simu chini. "Kwa hiyo ili karatasi hii ikukubalie, inabidi tuue mtoaji mmoja katika kila wanne. Ningekuwa jela, si hapa." Kisha akapunguza sauti. "Lakini karatasi haiamui. Yenyewe inawarudishia yale mliyosema ninyi wenyewe, yakiwa yamepangwa. Mkibadili mlichosema, nayo itabadilika. Nendeni nyumbani. Hamna haraka ya leo."

Tulirudi watatu tumebanana kiti cha mbele, mimi katikati. Tulipita mashamba, tukapita kituo cha mabasi, tukakata kona ya kwa Nélida. Pocho alipozima injini, yeye hakushuka.

"Wifi," alisema akiangalia mbele.

"Naam."

"Mwambie mumeo aache sigara. Sitaki figo iliyokaushwa kama nyama. Moshi wa nyuki unamtosha."

Nilimgeukia mume wangu, ambaye bega lake lilikuwa limegusana na langu. "Anasema uache sigara."

"Mwambie nimeacha tangu siku ya kupimwa."

"Anasema ameshaacha."

"Nimesikia, mimi si kiziwi," alisema Nélida, akashuka, akaubamiza mlango. Pocho aliweka paji la uso kwenye usukani na akabaki hivyo mpaka jirani akaja kuuliza kama gari imeharibika.

Upasuaji ulifanyika Montevideo, mji mkuu, mwanzoni mwa majira ya machipuko, kwenye hospitali ambayo korido zake zinanuka dawa ya kufulia. Asubuhi ile walitandikiwa vitanda jirani. Nélida alikuwa anaogopa, akawa anamgombeza Pocho kwa sababu soksi zake zina tundu. Pocho alikuwa anaogopa pia, akawa anakubali kila kitu. Walipomsukuma Pocho kumpeleka chumba cha upasuaji alinyoosha mkono akanishika kidole kimoja tu, hiki cha pete, akakivuta kidogo kama mtoto anayevuta kamba ya kengele.

Nilikaa nikiwa na tawi lile jembamba kichwani. Sitaki kusema nilikuwa jasiri. Nilihesabu vigae vya ukutani na kila nikikosea naanza upya. Hatimaye alitokea daktari mmoja peke yake, akitembea haraka, na nilianza kulia kwa furaha kabla hajafika, hata akashtuka yeye.

Pocho alikuwa salama. Figo ilikuwa imeshonwa mahali pake. Lakini figo yenyewe haikuamka.

Walitueleza kwamba hutokea. Mwili mpya, safari, mshtuko, figo inalala. Siku zikapita. Mfuko wa mkojo uliotundikwa kando ya kitanda cha Nélida ulibaki mkavu, na wakamrudisha kwenye mashine, mlemle hospitalini, akiwa na kidonda kibichi. Hapo ndipo alipovunjika. Aligeukia ukutani.

"Nimeila figo ya kaka yangu bure," aliniambia. "Alikuwa nazo mbili, sasa anayo moja, na mimi bado sina hata moja."

Nilitoka nje nikampigia simu Daktari Inés kule Salto, na nilimwambia maneno ambayo sikuwahi kumwambia mtu aliyesoma. "Mti wako umetudanganya," nilimwambia. "Ulituchorea vijiti vyako na simu yako ya kuzidisha, na ona sasa!"

Aliniacha nimalize. "Tawi hilo lilikuwepo, Zulma," alisema. "Figo inayochelewa kuamka. Niliwaambia watatu au wanne katika mia. Sikuweza kuwaambia kama mtakuwa hao."

"Kwa hiyo tuliamua vibaya."

"Hapana. Mliamua vizuri na mkakutana na siku mbaya. Hayo ni mambo mawili. Nakuomba ufanye kitu kimoja. Muulize Pocho, kama angerudishwa leo kwenye ile karatasi, akiwa anajua yale tu aliyoyajua siku ile, angechagua nini. Halafu nipigie."

Sikuwa na haja ya kumuuliza. Nilipogeuka nilimkuta kwenye korido amejikunja kama herufi, gauni la hospitali wazi mgongoni, mkono mmoja umeshika ubavu, anakokota miguu kuelekea chumba cha dada yake. Alikuwa amekatazwa kutembea umbali huo.

"Rudi kitandani, mwanaume!"

"Nina maneno na figo yangu," alisema.

Akaingia, akajishusha kwenye kiti huku akiguna, akaangalia tumbo la Nélida pale palipofungwa bandeji.

"Sikiliza wewe," aliiambia. "Mimi nimekulea vizuri. Sijakulea uvivu. Hapo ulipo ni kwa mwalimu, na huyu mwalimu si mtu wa kuchezewa. Utatutia aibu ukoo mzima."

Nélida alikuwa bado amegeukia ukuta. Mabega yake yalianza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, na kucheka kulikuwa kunamuuma kidonda, hivyo akawa anacheka na kulia na kumtukana kwa pamoja. "Toka hapa, mjinga wewe, utanipasua nyuzi!"

"Ungechagua tena?" nilimuuliza Pocho nikiwa mlangoni.

"Kuchagua nini?"

"Kumpa."

Alinitazama kama niliyemuuliza kama jua ni la moto. "Nikiipata ile nyingine ikakubali kutoka, atachukua na hiyo."

"Sichukui!" alisema Nélida kutoka ukutani. Kisha akatulia. Akageuza uso taratibu, akamtazama kaka yake jinsi alivyokunjamana kwenye kile kiti. "Lakini hii moja," alisema, "hii ningeichukua tena. Hata ikiwa hivi. Nilitaka ujue hilo kabla hujafa kwa kutembea na gauni wazi."

Nilimpigia daktari nikamwambia majibu yote mawili. Alisema ana mgonjwa anamngojea, na sauti yake haikuwa ile ya kufundisha.

Figo iliamka siku chache baadaye, wakati wa chakula cha mchana, Pocho akiwa chumbani kwake, mimi nikiwa nje nanunua mkate. Simu ililia nikiwa kwenye foleni.

"Wifi!" Nélida alikuwa anapiga kelele kiasi kwamba mwuza mkate alisikia. "Wifi, nimekojoa!"

"Umefanya nini?"

"Nimekojoa! Mfuko una maji! Ya njano, mazuri, kama asali ya Pocho!"

Nikaanza kupiga makofi pale dukani, simu imebanwa begani, na nikawaeleza watu wasionijua kwamba wifi yangu amekojoa. Mzee mmoja aliyekuwa nyuma yangu alivua kofia akanipa pongezi kwa heshima zote. Niliporudi, wauguzi walikuwa wamemruhusu Pocho kuja kuona. Alikuwa amesimama mbele ya ule mfuko, mikono nyuma, kama mtu aliyepelekwa kwenye jumba la picha za kuchora, na machozi yanamdondoka kwenye masharubu.

Hadi leo Nélida anameza dawa zake kwa saa, na kila baada ya muda anakwenda kupimwa. Mara moja figo ilitutisha, wakamlaza, ikatulia. Daktari Inés anasema haitakaa milele. Hakuna figo ya kupandikizwa inayokaa milele, na siku moja huenda tukaitandaza tena karatasi ile ya kitandani. Pocho anapimwa kila mwaka na analalamika kila mwaka. Wameanza tena kusemeshana moja kwa moja, jambo ambalo kwa masikio yangu ni baya zaidi kuliko zamani, kwa kuwa sasa dada anadai ana haki ya kumwamuru kaka anywe maji, akisema figo iliyobaki kwa kaka ni ndugu wa ile aliyonayo yeye.

Lakini mimi hupenda zaidi kukumbuka safari ya kurudi. Tulipanda basi la mchana kutoka Montevideo, saa nyingi za tambarare na ng'ombe. Nélida alikaa dirishani, Pocho katikati yetu kwenye kiti kirefu cha nyuma. Hata hatujafika mbali, Nélida alisinzia, na kichwa chake kikateleza kikaegemea ubavu wa Pocho, upande uleule wenye kovu. Nilimwona mume wangu akikaza meno.

"Tubadilishane nafasi," nilimnong'oneza. "Anakuumiza."

Alitikisa kichwa polepole, asije akamwamsha, akaukunjua mkono wake akamzungushia dada yake begani ili asianguke kwenye kona. Nilimpa koti langu aliweke katikati, kati ya kidonda na kichwa. Alilikataa pia.

Tulikwenda hivyo hadi Salto.